Makabati Yasiyo na Milango

Kila kichwa kilichowahi kusukwa kwenye saluni ile kilikijua kisa cha kuzaliwa kwa Cheche. Msusi hakukisimulia kwa pupa. Alianzia kwenye uchungu, akapita kwenye kitovu kilichomzonga mtoto shingoni, akafika pale mtoto alipotoka kimya, rangi imemgeuka, mkunga anamsugua mgongo kwa taulo. Na hapo vidole vyake vilisimama katikati ya msuko, kitana hewani, mpaka mteja mwenyewe ageuze shingo.

"Mkunga gani huyo?" mteja mgeni aliuliza.

"Mkunga gani tena! Wifi yangu. Dada wa mume wangu, baba mmoja mama mmoja."

Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Cheche alikuwa pale pale, kiatu kimoja mguuni na kingine hakijulikani kilipo, amepanda kiti cha kukaushia nywele na kofia lake kalivaa, anaendesha ndege. Shuleni alikuwa haketi. Hesabu alizijua kichwani, lakini karatasi aliirudisha nusu ina majibu na nusu ina picha za paka. Mwalimu wake alikuwa mtu mwema, naye alikuwa amefika mwisho wa wema wake. Mteja alimtazama mtoto, akamtazama mama, akajumlisha mwenyewe.

"Ubongo ulikosa hewa," Msusi alifunga mjadala, na vidole vikarudi kazini.

Tusimsingizie. Hakukusudia kumharibia mtu. Alitaka tu jambo lile liwe na sababu, na sababu yenyewe ikae mbali naye. Lakini maneno ya saluni hayalali saluni. Wajawazito wa mitaa ile wakaanza kuuliza mlangoni mwa zahanati ni nani yuko zamu, na wakisikia ni yule wifi, wanakumbuka ghafla kwamba uchungu wenyewe bado, wanarudi nyumbani. Mwishowe yule mkunga, aliyepokea karibu kila mtoto wa pale, akaomba mwenyewe aondolewe chumba cha kuzalishia. Sasa alikaa kwenye meza ya mlangoni, akipima uzito wa watoto waliozalishwa na wengine. Nyumbani kwa mdogo wake alikata mguu kabisa. Kwa Cheche lilikuwa pigo, maana shangazi ndiye mtu mzima pekee ambaye hakuwahi kumwambia "tulia".

Mdogo wake huyo, mume wa Msusi, alikuwa seremala, na katika ugomvi ule alibanwa kama ubao kwenye jiliwa. Alikuwa mtu wa maneno machache na penseli sikioni. Juu ya Cheche alikuwa na neno moja tu.

"Ni damu, Mama Cheche. Wengine tunazaliwa nayo, wengine hatunayo."

"Damu ya nani? Itaje!"

Hapo alichomoa penseli, akaitazama ncha, akairudisha sikioni. Msusi aliujua ukimya ule, au alidhani anaujua: mtu anamlinda dada yake. Basi akamtolea uvivu.

"Wewe wa kunifundisha mimi habari za damu? Umeshindwa hata kuweka milango kwenye makabati ya jikoni!"

Hilo lilikuwa donda lake la miaka. Seremala aliwatengenezea watu makabati ya milango iliyochongwa maua, na nyumbani kwake mke alikuwa na rafu wazi, chumvi na sufuria zikitazamana na wageni. Mlangoni nako alikuwa amegongomea ubao na kuuchorea umbo la kila kitu, hapa funguo, hapa pochi, hapa mwavuli, vile vile alivyozichorea nyundo zake ukutani kule karakana. Hata kioo cha saluni alikielekeza kwenye ukuta wa pili, na Msusi alikuwa amemwomba akielekeze barabarani aone watu wakipita. "Mvivu na mbishi," aliwaambia wateja wake, "ila nilishampenda, nifanyeje?"

Siku ya kumpeleka Cheche kwa daktari wa watoto, kama mwalimu alivyowashauri, Msusi aliamka na uchangamfu wa mtu anayekwenda kuchukua tuzo yake. Alikunywa chai amesimama, akapiga pasi gauni la mtoto, akaacha pasi ikiwaka, akaenda kupaka rangi kucha mbili. Seremala alipita nyuma yake akachomoa waya.

"Leo linakatwa neno," Msusi alisema. "Mtaalamu atasema kwa mdomo wake kwamba ni uzazi."

"Na akisema si uzazi?"

"Akisema si uzazi, nitakwenda kwa wifi kwa miguu yangu hii, na nitamwomba radhi pale pale mezani kwake, mbele ya akina mama wote na vichanga vyao."

"Umesema."

"Nimesema! Naogopa nini?" Akageuka kutafuta pochi. Ilikuwa kwenye umbo lake, pale mlangoni.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Chumba chake kilikuwa na viti vitatu, kitanda cha kupimia na kapu la vibao vya kuchezea. Cheche alimaliza vibao, akahamia kitandani, kisha chini ya kitanda. Daktari alimwacha, akawa anamtazama kwa pembe ya jicho na kuandika. Daktari mwenyewe alisukwa vibaya, maskini: mistari imevutwa mpaka paji la uso linang'aa, na nyuma ya sikio fundi alikuwa ameruka kipande kizima. Msusi akaanza kuifumua ile misuko kwa macho, akaiosha, akaipanga upya kuanzia utosini, na kwa kweli ilikuwa inapendeza.

"Mama?"

"Ee?"

"Daktari anauliza mtoto alizaliwa miezi imetimia?" Seremala alimwambia taratibu.

"Ilitimia, na zaidi!"

"Uzito wake?"

"Mzito huyo! Nilidhani nimebeba gunia."

"Alilazwa baada ya kuzaliwa? Alishindwa kunyonya?"

"Kunyonya? Alininyonya mpaka nikamwogopa."

Msusi alisikia jibu lake mwenyewe likitua mezani, akahisi halikutua upande wake. Akajiweka sawa kwenye kiti. "Lakini alikuwa na kitovu shingoni, daktari. Na hakulia. Alikaa muda mrefu, kimya."

"Muda mrefu kiasi gani?"

"Mrefu!"

Seremala alikohoa. "Mimi nilikuwa nyuma ya mlango," alisema. "Nilisema 'Mungu wangu', na kabla sijarudia mara ya pili, mtoto alikuwa analia."

Daktari alitua kalamu. "Wacha niwaeleze ninachokijua, na nisichokijua pia. Hali hii tunaiita ADHD. Mtoto anashindwa kutuliza mwili na kushika jambo moja mpaka mwisho, na si kwamba amekosa adabu wala akili. Uzazi mgumu unaweza kuchangia, sikatai, hasa kwa mtoto njiti au mwenye uzito mdogo sana. Kitovu shingoni tunakiona kila mara, na watoto wengi wanatoka wazima. Kwa haya mliyonieleza, sioni pa kuulaumu uzazi. Mara nyingi hali hii inapita ndani ya familia. Ila hakuna kipimo cha kunionyesha, kwa mtoto huyu mmoja, imepitia wapi."

"Kwa hiyo hujui!" Msusi alidakia.

"Kwa uhakika wa kuapa, sijui. Lakini ukinilazimisha kuchagua, nitachagua familia."

"Basi ni upande wake!" Akamwelekezea mumewe kidole. Daktari akamtazama Seremala. Tangu aketi pale alikuwa hajasogeza hata kiwiko.

"Tuache ilikotoka, tuangalie mtakachofanya," Daktari alisema. "Dawa tutaizungumza baada ya vipimo vingine. Nyumbani mnaweza kuanza leo. Vitu vyake viwe wazi avione, maana asichokiona, kwake ni kama hakipo. Kabati lake msiliwekee milango."

Msusi alicheka mpaka akapiga paja. "Hapo tumeshakutangulia, daktari! Mume wangu mvivu wa milango!"

"Vizuri sana. Kisha kila kitu kiwe na mahali pake pale pale. Wengine wanachora hata umbo la kitu ukutani, ili mtoto akipita tu ajue ni nini hakipo."

Msusi alikuwa bado anacheka, lakini sasa kwa mdomo tu.

"Na akifanya kazi inayohitaji umakini, atazame ukuta. Msimkalishe penye dirisha au penye watu wanaopita."

Cheche alikuwa anagonga uvungu wa kitanda. Msusi aligeuka polepole kumtazama mumewe. Seremala alikuwa anakwangua vumbi la mbao chini ya ukucha kana kwamba ndiyo kazi aliyoletwa kufanya.

"Naona kama mlishaanza," Daktari alisema. "Tangu lini?"

"Mwaka tuliooana," Seremala alijibu.

"Mtoto alikuwa na umri gani?"

"Alikuwa bado hajazaliwa."

Kwenye korido Msusi alitembea hatua chache, akasimama. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haya, na chini ya hayo mawili kulikuwa na kitu kingine kilichomtoa machozi.

"Ulijua miaka yote hii?"

"Nilijua nini?"

"Baba Cheche, usinizungushe."

Seremala alivuta pumzi. "Tulipooana tu, ulinunua chumvi kila siku, wiki nzima. Ya jana ilikuwa ndani ya kabati, umefunga mlango, umeisahau. Uliketi sakafuni na zile pakiti ukalia, ukasema una kichwa kibovu. Nikaing'oa milango."

"Ilikuwepo?"

"Ipo mpaka leo. Nimeiegemeza karakana, nyuma ya mbao ndefu. Ina maua."

Msusi alijifuta macho kwa kiganja. Sakafu ile na zile pakiti za chumvi alivikumbuka sasa, na ajabu ni kwamba milango yenyewe hakuikumbuka hata kidogo. "Na mimi nakutangaza mvivu kwa kila anayekuja kusuka! Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Hukuwa mgonjwa. Ulikuwa unatafuta chumvi."

"Na hiyo damu uliyokuwa unaniimbia?"

"Nilisema ni damu. Kuna siku nilisema ni mbaya?"

Alimtazama mumewe huyu, penseli sikioni hata hospitalini, akaona kwamba amependwa kwa miaka mingi na mtu aliyekubali kuitwa mvivu kuliko yeye aitwe kichwa kibovu. Akapiga moyo konde. Kama kuna jambo moja Msusi hakuwahi kulisahau maishani, ni neno aliloapa.

"Cheche! Twende kwa shangazi!"

Mtoto alikuwa ameshafika getini.

Zahanati ilikuwa imejaa. Akina mama walibanana kwenye mabenchi na vichanga mapajani, na mezani, kando ya mizani, alikaa Mkunga, miwani puani, akiandika. Msusi aliingia kifua mbele.

"Wifi."

Mkunga hakuinua kichwa. "Foleni inaanzia kule nyuma."

"Sikuja kupima."

"Basi unanizibia mwanga."

Mtu mwingine angenywea. Msusi aligeukia mabenchi. Nusu ya vichwa vile vilikuwa kazi ya mikono yake.

"Jamani, ninyi mnakijua kisa changu cha kuzaliwa kwa huyu mtoto," alisema, kwa sauti ile ile ya saluni. "Nimewasimulia vibaya. Kitovu kilimzonga, ni kweli. Wifi yangu alikitoa kwa vidole vyake kabla mimi sijajua kuna nini, mtoto akalia, akanyonya. Kisa kiliishia hapo. Yaliyobaki niliyatia chumvi mwenyewe. Cheche yuko hivi kwa sababu mimi niko hivi. Kanitoka mimi mzima mzima. Na mimi mnanionaje? Saluni ninayo, mume ninaye, na hakuna kati yenu aliyekwenda kusuka kwingine asirudi kwangu analalamika. Basi mtoto wangu hana ubaya, na wifi yangu hana kosa. Mwenye kosa ni mimi niliyesimama hapa."

Mkunga alikuwa ametua kalamu.

"Umemaliza?"

"Bado." Sauti ya Msusi ilishuka, ikawa ndogo, sauti ambayo saluni haikuwahi kuisikia. "Nisamehe, wifi yangu."

Mkunga alimtazama juu ya miwani. "Mtaa huu wote nimeushika kichwa kabla haujaona jua," alisema. "Maneno yako yalipotoka, hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza ilikuwaje. Mmoja, wifi! Hilo haliondoki leo."

"Najua."

"Hujui. Lakini umekuja."

Cheche alikuwa ameshapanda mizani ya watu wazima na kuanza kurukaruka, sindano inakwenda na kurudi. Msusi alifungua mdomo, lakini Mkunga alimwahi.

"Ruka tena, mwanangu, tuone inafika wapi."

Seremala aliingia wakati huo, anahema, mkononi ana pochi ya mkewe iliyosahauliwa kwenye kiti cha daktari. Alisimama mlangoni akawatazama wanawake wake wote watatu.

Mwishoni mwa benchi, mama mmoja mwenye tumbo lililokomaa, na misuko mipya kabisa kichwani, alikohoa kidogo.

"Mkunga, samahani. Chumba cha kuzalishia unarudi lini? Maana mimi ni mwezi huu huu."

Mkunga alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Ilimchukua muda kuiweka sawa.

"Ukishikwa na uchungu, uliza ni nani yuko zamu," alisema. "Ukiambiwa ni mimi, usirudi nyumbani."