Kiti cha Saa Nne

Kiti cha baba nilikitoa mwenyewe. Masanja, mwenzangu wa kazini, alitaka kunisaidia nikamkatalia, maana kuna mambo ukimwachia mtu mwingine hutajisamehe. Kilikuwa kiti cha mbao kilichosukwa kwa kamba, kimelegea katikati kwa uzito wa mzee mmoja tu, na kwa miaka mingi kilikaa kati ya meza yangu na dirisha. Nikakibeba hadi barazani, nikakiegemeza ukutani, nikarudi ndani na vumbi mikononi.

Asubuhi ile tulikuwa tunamngoja mkaguzi. Kituo chetu cha msaada wa kisheria ni vyumba viwili vya kupanga katika mtaa wa Chemchem, na kazi yetu ni watoto walioshtakiwa. Tulikuwa tumeomba kuunganishwa na kompyuta za mahakama, tujue kesi ya nani inasikilizwa lini. Bila hivyo, mama anatoka Ulyankulu kwa basi la alfajiri, anafika anaambiwa kesi ya mwanawe ilitajwa jana, na mtoto amerudishwa mahabusu bila kuona uso wa nyumbani. Nilikuwa nimechoka kuwapa akina mama wale maji ya kunywa na pole.

Ili tuunganishwe, ilibidi tuthibitishe kwamba siri za watoto hao zitakaa salama mikononi mwetu. Tulijiandaa miezi kadhaa. Tukachukuliwa alama za vidole, tukala kiapo. Neno la siri tulilokuwa tukilitumia sote lilikuwa limebandikwa juu ya kompyuta kwa kikaratasi. Tukakibandua, Masanja akakitafuna kwa mzaha, na kila mtu akapata neno lake. Tukageuza meza ili skrini zisitazame dirisha. Kabati likapata kufuli. Yote hayo yalikuwa mepesi. Zito lilikuwa sharti moja: asiyekula kiapo haingii chumba chenye kompyuta, hata awe nani.

Na baba yangu, Mzee Hilali, hakuwa amekula kiapo. Tangu mama afariki na duka letu la vitambaa lifungwe, siku yake ilibaki na jambo moja. Saa nne asubuhi anachukua chupa ya kahawa na kashata za karanga zilizofungwa kwenye gazeti, anakuja kwa miguu, anasema hodi huku ameshaingia, anakaa. Haongei sana. Ananitazama nikifanya kazi kama watu wengine wanavyotazama televisheni. Nikimwambia anajichosha bure, anajibu mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nilipaswa kumwambia mapema. Kila jioni nilikwenda kwake na maneno yangu nimeyapanga, nikamkuta ameniwekea chakula, maneno yakarudi tumboni. Mtu anamwambiaje baba yake kwamba saa nne haipo tena?

Basi mkaguzi akafika, nami sijasema. Bi Advera alikuwa mwanamke mpole wa miwani, asiyeacha droo bila kuivuta. Alikuwa amesimama nyuma yangu, faili ya mtoto imefunguka kwenye skrini, niliposikia kandambili za baba barazani.

"Hodi."

Katika mji wetu neno hilo lina jibu moja. Limekuwa nalo tangu misafara ilipokuwa ikitua hapa, na mwenye nyumba hakuuliza unatoka wapi kabla hujanywa maji. Karibu yangu ilikuwa imeshafika kwenye meno. Bi Advera aliacha kuandika.

Niliinuka, nikawahi mlangoni kabla baba hajavuka kizingiti, nikasimama katikati. Sikuwahi kumzibia baba yangu njia maishani.

"Shikamoo, baba. Humu ndani huwezi kuingia tena."

"Marahaba. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Kuna majina ya watoto wa watu. Nimeapa."

Alinitazama, kisha akakiona kiti chake pale ukutani, na nikajua ameelewa nani amekitoa. Uso ulimshuka. Akaleta utani, kama kawaida yake anapoumia.

"Babu zako walitembea kutoka Bagamoyo mpaka hapa. Leo mimi nimekwama mlangoni kwa binti yangu."

Sikuweza kucheka. Alikaa kwenye kiti, akaweka chupa miguuni.

Nilipokuwa darasa la pili, baba aliwekwa ndani siku chache kwa majora ya vitambaa yaliyodaiwa kuwa ya wizi. Ikabainika amesingiziwa, akaachiwa. Lakini kabla hajafika nyumbani mji mzima ulishajua. Mama aliacha kwenda arusini. Madrasa waliniita mtoto wa mwizi, na rafiki yangu Nawal akahamia mkeka mwingine. Nyumbani jambo lile halikutajwa tena, wala sikujua lilisambaaje.

"Karani wa kesi yangu alikuwa mtu mwema," baba akasema, kana kwamba tulikuwa tumeanza kulizungumza jana. "Mlango wake wazi siku zote. Mtu akaingia kumsalimia tu, makaratasi yangu yako mezani, akayasoma. Kutoka hapo akaenda kijiweni."

Akafungua chupa, akanimiminia.

"Laiti angekuwa na roho mbaya kama yako, mama yako angekwenda arusini."

Nililia palepale mlangoni na kikombe mkononi, mbele ya mkaguzi, na sikuona haya. Bi Advera alipotoka alimwamkia baba kwa heshima, baba akampa kashata. Mkaguzi akasema samahani, haruhusiwi kupokea kitu. Baba akanung'unika kwamba mji mzima sasa umekula kiapo, akanipa mimi.

Tulipita ukaguzi, tukaunganishwa. Mama wa kwanza tuliyempigia simu alitoka Kigwa, akafika mahakamani kabla ya hakimu.

Na saa nne ilihamia barazani. Zamani baba alikuwa ananitazama mimi, mimi natazama kompyuta. Sasa nilikuwa nafunga skrini, natoka, nakaa kwenye ngazi karibu na kiti chake, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama tukawa tunatazamana. Nilimpenda zaidi nje kuliko nilivyompenda ndani.

Mwaka huu magoti yake yamekataa njia. Kwa hiyo saa nne mimi ndiye ninayefunga ofisi kwa ufunguo na kwenda kwake na chupa. Mlango wake ulikuwa wazi maisha yote, lakini siku hizi akinisikia naja anaurudishia makusudi. Nabisha hodi.

"Nani?"

"Salme."

"Salme wa nani?"

"Salme binti Hilali bin Nasri."

Namsikia akipekua gazeti, kama mtu anayepekua faili. Kisha anasema karibu.