Anayeita Nyuma ya Nyumba

Daktari Raya, mtafiti wa kifafa na magonjwa ya akili, alipanda mlima kutoka kijiji cha Mlali kumhoji Bibi Mwanaasha. Bibi akikiri kusikia sauti, ataandikwa mgonjwa na kuanzishiwa dawa.

"Shikamoo bibi. Huwa unasikia sauti wasizosikia wengine?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kunywa uji kwanza, mlima huu unachosha."

Raya alipoinua kikombe, akaitwa jina lake nyuma ya nyumba, kwa sauti ya marehemu mama yake. Akafungua mdomo aitike. Bibi akauziba kwa kiganja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

"Huku hatuitiki mpaka mara ya tatu," akanong'ona. "Wafu huita mara mbili tu."

Sauti ikaita tena, kisha kimya.

Raya akaandika kwamba bibi hasikii kitu.