Mla Viporo

Jumatano jioni, wali ukiwa umeshakauka na maharage yakitokota kwa mbali, Mama alifungua friji, akatoa bakuli la brokoli iliyopikwa Jumapili, akalinusa. Mezani walikuwa wanasubiri mumewe na watoto wao wawili, wote watu wazima. Brokoli iliyolala hutoa harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi, na hiyo haina neno. Mbaya ni harufu ya tambara la kudekia lililosahauliwa ndooni. Mama alinusa mara ya pili, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba. Hakukuwa na utelezi. Rangi ilikuwa imefifia kidogo, kijani cha sare ya shule iliyofuliwa sana.

"Bado," alisema.

Wenzake wakapakuliwa wali wa moto na mboga ya siku hiyo. Yeye alikula brokoli ya Jumapili juu ya wali wa jana, kwa sababu nyumba ile ndivyo ilivyokuwa ikiendeshwa: kipya hakiguswi na mwenye jiko mpaka cha zamani kiishe, na cha zamani hakikuwahi kuisha.

Baadaye, akiwa kwenye sinki na povu limempanda mpaka viwikoni, alihisi kitu nyuma ya sikio la kushoto. Alidhani ni punje ya wali. Alipokigusa alikuta kimefumba, kigumu, na pembeni yake vingine kadhaa vimeshikana kwenye kijikonyo kimoja. Vilikuwa vitumba vya brokoli. Tena vizuri, vilivyofumba sawasawa. Hata sokoni angevichagua. Akafunga bomba, akakausha mikono, akaenda kulala.

Brokoli iliingia nyumba ile kwa amri ya daktari. Baba, dereva mstaafu wa malori, aliambiwa apunguze nyama na mafuta, aongeze mboga za kijani, naye akaichukua amri hiyo kama alivyokuwa akichukua mizigo yake yote, kwa gunia. Kila Jumamosi alirudi kutoka sokoni nalo begani. Ukimwambia kwamba watu wanne hawamalizi gunia, anajibu kwamba hajawahi kuona mtu aliyeuawa na wingi wa chakula. Baba alikulia kwenye njaa. Nyumbani kwake chakula hakikutupwa mpaka kiwe kimeharibika kweli, na aliyejua kuharibika kweli ni kupi alikuwa Mama, mwenye pua isiyokosea na stashahada ya lishe aliyoipata kabla ya kuolewa, ambayo sasa ilifanya kazi yake yote kati ya friji na jiko.

Kiporo Baba mwenyewe hakukigusa. Alisema alishakula vya kutosha utotoni.

Mama aliihifadhi brokoli ile kama inavyotakiwa. Hakuiosha kabla ya kuiweka, maana maji yakituama kwenye vitumba huleta ukungu. Aliizungushia kitambaa chenye unyevu kidogo, akaitia kwenye mfuko uliotobolewa ili ipumue, akaiweka droo ya chini, mbali na matunda yanayoiva, kwa sababu tunda linaloiva huizeesha mboga kama rafiki mbaya anavyomzeesha kijana. Iliyopikwa hakuiacha izubae mezani mpaka taarifa ya habari iishe. Ikipoa tu, inaingia kwenye bakuli lenye mfuniko na kupelekwa friji. Hapo huishi siku tatu, nne ikibembelezwa. Mama aliyajua yote hayo. Alichokosa ni mtu mwingine wa kula siku ya nne.

Mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa mhasibu na hata nyumbani aliitwa Mhasibu, alikuwa na tumbo jepesi lisilopatana na viporo. Binti yake, Kitinda, alikuwa na mitihani, na kwa namna fulani mitihani ile haikuwa na likizo. Wote wawili walikuwa watoto wenye adabu. Wakifungua friji hawakukosa kuuliza, "Mama, hiki bado?" na Mama akisema bado, wanakirudisha, wanafunga mlango taratibu.

Kufikia mwisho wa wiki vitumba vilikuwa vimetambaa mpaka shingoni, vimebanana kama kofia iliyofumwa kwa sindano nyembamba. Kitinda aliviona alipokuja kuazima hereni. Alisema vinampendeza, ila asivae kitenge juu yake, vitajikunja. Mhasibu alishauri asifunge kichwa kwa kitambaa cha nailoni, maana kitu kisipopumua huvunda. Hilo alifundishwa na Mama mwenyewe akiwa mdogo. Baba alimwinamisha mkewe chini ya taa, akabonyeza hapa na pale kama anavyobonyeza sokoni, akatangaza kwamba ni daraja la kwanza. Jirani wa ukuta wa pili aliuliza anapaka mafuta gani, akaambiwa hapaki, akaondoka akiamini kwamba ananyimwa siri.

Mama aliacha kuosha kichwa. Alilala na kitambaa chenye unyevu mabegani, na mchana alijikuta akisimama mbele ya friji, mlango wazi, macho yamefumba. Baba akipita alimkumbusha kwa upole kwamba joto linaingia.

Kisha upande wa kulia ukaanza kugeuka njano.

Jumapili alikuja dada yake, mkunga wa hospitali, mwanamke aliyekwisha kupokea nusu ya mtaa kwa mikono yake na ambaye hakuona tena umuhimu wa kushangaa. Mkunga alimkalisha mdogo wake kwenye kigoda cha jikoni, akamgeuza shingo kuelekea dirishani, akabonyeza, akanusa. Akamuuliza anakula nini. Mama akamtajia. Akamuuliza anakila lini. Mama akamtajia.

"Mla ni mla leo," alisema Mkunga. "Wewe, mdogo wangu, kila siku unakula jana. Mwili umechoka kusubiri. Umeamua nao uwe jana."

Dawa yake, alieleza, haiuzwi. Ale chakula cha leo, leo hii, kingali na moshi, tena apakuliwe wa kwanza, mpaka vitumba vyote vijidondokee. Njano si mwisho. Njano ni uzee tu. Lakini vikichanua vyote na kuanza kuteleza, hapo hakuna kurudi, na hilo hana haja ya kumfundisha mtu wa lishe. Aliyarudia maneno hayo sebuleni mbele ya watu wote, kwa sauti aliyozoea kuwatolea wanaume wanaozimia kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia.

Wote walikubali. Mhasibu alisema hilo ni jambo la kawaida kabisa. Baba alisema kumbe ni dogo hivyo, na kwa nini Mama hakusema mapema.

"Ila shemeji," aliongeza Baba akitabasamu, "mtu akikusikia atadhani huku tunamnyima."

"Hamumnyimi, shemeji. Mmemsahau kwenye friji."

Baba alicheka sana. Alipenda utani wa mashemeji.

Usiku huo Mhasibu mwenyewe ndiye aliyempakulia Mama, kabla ya mtu yeyote. Brokoli ilikuwa imepita majini kidogo tu, kijani kibichi, bua likiwa bado linabisha chini ya meno. Mama alikuwa amesahau kwamba brokoli ina mlio. Alipofika kijiko cha tatu, kitumba kimoja nyuma ya sikio lake kilikauka, kikadondoka, kikabingirika mpaka kwenye kikopo cha chumvi. Watu wote walikiona. Mkunga alikiokota, akakifunga kwenye leso yake, akaendelea kula.

Siku zilizofuata vikadondoka vingine, na kisogoni pakatokea ngozi ya kawaida, upana wa kiganja. Mama aliishika mara kwa mara. Alianza hata kuimba kidogo akiwa jikoni, wimbo usio na maneno. Mkunga aliporidhika akarudi kwake, maana kazini walikuwa wanamwita, na watoto wa watu hawasubiri.

Ila gunia la Jumamosi halikupungua ukubwa, na sufuria halikupungua kimo. Kwa kuwa Mama alikuwa anakula cha leo, cha jana kilikuwa kinabaki, na cha juzi, na cha kabla yake. Mabakuli yalipandana ndani ya friji mpaka yakafikia rafu ya juu. Alhamisi Baba alikosa pa kuweka chupa yake ya maji. Aliyatoa mabakuli moja moja, akayapanga mezani, akafunua mifuniko. Hakugomba. Aliuliza tu nani atayala haya.

Mhasibu alishika tumbo. Kitinda alikuwa na mtihani asubuhi. Baba mwenyewe alikuwa na daktari.

"Tutupe," alisema Mama.

Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo katika nyumba ile likisemwa juu ya chakula ambacho bado ni kizima. Baba alikaa. Akaanza kusimulia, kwa sauti ya chini, jinsi mdogo wake alivyofariki mwaka wa ukame, akiwa amelikumbatia sufuria lisilo na kitu, na jinsi walivyopata shida kulitoa mikononi mwake. Ilikuwa hadithi ya kweli. Kila mtu pale aliijua, kwa sababu ilitoka kila mabakuli yalipozidi, na haikuwahi kutoka bila kufanya kazi yake. Kitinda aliinamia sahani. Mama naye aliinama, maana yule mtoto alimhurumia kweli. Mara nyingine, akila viporo, alihisi kwamba anamlisha yeye.

"Sikulazimishi," alimalizia Baba. "Leo tu, tuyapunguze. Kesho unaendelea na cha moto."

Mama alivuta bakuli la kwanza, akalinusa.

"Bado," alisema, akachukua kijiko.

Kesho nayo ilikuja na jana yake.

Ile ngozi ya kisogoni ilifunikwa upya, kisha vitumba vikachanua. Havikuchanua vibaya. Vilikuwa maua madogo ya njano, yenye petali nne nne, yaliyoteremka mpaka kwenye kola ya gauni, na asubuhi jua likipita dirishani, jiko zima lilionekana kama limefanyiwa usafi. Nyuki walianza kuja. Walimzunguka Mama akiosha vyombo, wakatua, wakafanya shughuli zao bila fujo. Baba alitafuta wavu, akaugonga misumari dirishani, kwa sababu nyuki mmoja alikuwa ametua kwenye uji wake. Watatu waliobaki ndani aliwaacha, alisema watazoea. Mhasibu akawa anakaa upande wa pili wa meza, akiikwepa chavua. Mkunga alipopiga simu kuuliza hali, Kitinda alimwambia kwamba mama anaendelea, mama mkubwa, na hiyo ilikuwa kweli.

Mama mwenyewe hakulalamika, na hata angetaka, asingejua aanzie wapi. Hakuna aliyemfungia chungu. Kila jioni Mhasibu aliuliza kama tayari ameanza kupakuliwa cha moto, na kila jioni jibu lilikuwa kwamba limebaki bakuli moja tu.

Jumatano nyingine, akiwa anapakua, Mama alipitisha mkono kisogoni kuwafukuza nyuki, nao wakaondoka mara moja, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya. Mkono ulirudi na utelezi. Aliunusa. Hakuhitaji kunusa mara ya pili.

Alimaliza kupakua, maana wali ulikuwa unapoa. Alimwekea kila mtu sahani yake, akakaa.

"Nimeharibika," alisema.

Vijiko vilisimama. Hakuna aliyebisha, katika mambo hayo hakuna aliyewahi kuibishia pua yake. Mhasibu alisogeza kiti nyuma kidogo. Kitinda alifuta macho kwa ncha ya kanga, akauliza kama ampigie mama mkubwa, na Mama akamwambia kwamba mama mkubwa wake yuko zamu, asimsumbue. Baba alikuwa amekunja uso. Alimtazama mkewe kwa muda, kama dereva aliyesimama barabarani akiukagua mzigo ulioanguka, anapima kilichovunjika na kinachoweza kupakiwa tena.

"Mwili wote?" aliuliza.

"Kichwa na shingo."

"Na mikono?"

Mama aliiweka mikono juu ya meza. Katika kazi yake alikuwa mtu wa haki, hakuwahi kusema bado mahali pasipo na bado, wala kuhukumu kitu kabla ya saa yake. Aliubonyeza mkono mmoja kwa mwingine, kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole, kama mtu anavyolibonyeza bua kabla ya kuliamulia. Nyama iliingia ndani, ikarudi juu upesi. Akageuza, akabonyeza wa pili. Ilikuwa migumu, mizima, haina harufu ila ya sabuni.

"Mikono bado," alisema.

Mhasibu alichukua tena kijiko chake. Kitinda alipumua. Baba alisema kwamba kitu kikiharibika upande mmoja hakitupwi chote, sehemu mbovu hukatwa na nzima ikatumika, na Mama alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu kwenye kitu kigumu, hivyo ndivyo ilivyo.

"Basi," alisema Baba, akamsogezea bakuli la Jumatatu, lisije nalo likaharibika.