Sahihi ya Mwenye Boma

Jumanne moja mwaka 2006, Nakhungu alikuwa kibandani kwake Matisi, mjini Kitale, akikatakata kuku, huku akipima hatari za kufungua hoteli. Mahindi yakikosa bei Moi's Bridge, wakulima hawatakula nyama. Kuku wa kienyeji huadimika Desemba. Zote hizo aliziona ndogo. Miaka kumi na mmoja ya kupikia moshini chini ya turubai ilikuwa imemchosha hadi mifupani, na akikosa chumba safari hii, hangekuwa na nguvu za kujaribu tena.

Kibiwott, mwenye ploti, alikuwa na chumba kizuri chenye jiko na nafasi ya meza sita.

"Chumba utapata, mama," alisema. "Lakini lete mzee wako aweke sahihi."

"Mzee alikufa."

"Alizikwa wapi?"

"Bokoli."

"Si hapo ni karibu?"

Nakhungu akakubali kwamba ni karibu. Lakini hatari hii ilimlemea kuliko zote. Mumewe, Mukhwana, alipokuwa hai ndiye aliyeua hoteli ya kwanza ya Nakhungu, kule Bungoma. Alilisha marafiki bure, akauza sufuria kubwa, na mkewe alipouliza akaambiwa mwanamke haulizi. Tangu azikwe alikuwa mume mwema. Kumwamsha mtu wa namna hiyo ni kujipalia makaa.

Jumamosi alienda Bokoli na kuku aliyekwisha kupikwa. Alikaa kando ya kaburi tangu asubuhi hadi jua likapita utosini, akifunua bakuli na kulifunika tena. Macho yalikuwa bado yanamwasha kwa moshi wa wiki nzima. Mwishowe akaweka firigisi juu ya kaburi, maana firigisi ni ya mwenye boma, na hakuna mwanamume Mbukusu anayeiacha ipoe.

Mukhwana alitoka, akala, akafutia mikono kwenye suti aliyozikwa nayo.

"Chumvi kidogo," alisema.

Huko Kitale, Kibiwott alimpa Mukhwana kiti na kalamu, kisha akapuliza udongo uliodondokea mkataba. Nakhungu alibaki amesimama.

"Sasa hii ni biashara," Kibiwott alisema. "Mwanamke peke yake ni hatari, bana."

Hoteli ilifunguliwa Julai, ikajaa. Marehemu alikaa meza ya mlangoni. Watu wa kwao waliomzika wakipita walimuuliza hali ya huko, naye akasema kuna baridi. Hata Chepchumba, muuza kuku, aliacha kupatana bei na Nakhungu, akawa anamngoja mzee amalize kula. Nakhungu alichoka vilevile, ila sasa alichokea chini ya mabati, na hilo akalihesabu kuwa faida.

Siku moja mwalimu mmoja kutoka Bungoma alisukuma sahani, akasema kwa sauti kwamba tangu azaliwe hajala kuku mtamu hivyo. Nakhungu akatoka jikoni, masizi mikononi, akafungua kinywa.

"Asante, mwalimu," Mukhwana akajibu kutoka mlangoni. "Nimejaribu."

Mwalimu akaenda kumpa mkono, na Nakhungu akarudi kusonga ugali.