Mchicha wa Suad

Mimi ni fundi cherehani, na tepu haijawahi kunidanganya. Jumatatu ile nilijipima kiuno mara tatu nyuma ya pazia la duka langu pale Makandana, na mara tatu ikanipa jibu lilelile. Nimenenepa.

Nikakasirika. Nimenenepa kwa kula nini? Wiki sita nzima nilikuwa nakula mchicha.

Daktari alikuwa amenieleza bila kuzunguka. Mabingwa wa mifupa wanakuja mara mbili kwa mwaka, na goti langu la kulia watalipasua nikiwa na kilo tisini, si zaidi. Nilikuwa na tisini na saba. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na siku hizi nikimaliza sketi moja natoka jasho la maumivu. Goti likigoma, na mimi basi tena.

Mchana huwa nakula kwa Suad, ng'ambo ya barabara. Ana mgahawa wenye meza nne, na wali wake unanukia mpaka kwenye vitambaa vyangu. Siku niliyotoka kwa daktari nikamwambia, "Wali acha. Nipe mchicha na supu ya samaki, basi."

Akaniangalia usoni, kisha mikononi. "Mama Obed, unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa kwa nini hutaki wali?"

"Kwa sababu sitaki." Meza zote zilikuwa zimejaa wanaume. Nitangaze kilo zangu mbele yao ili iweje?

Basi nikala mchicha. Ulikuwa mtamu ajabu, nikasema ni njaa. Supu ilikuwa nyeupe na nzito, nikasema ni mapishi ya kwao Suad, pwani. Baada ya wiki tatu nikapanda mzani wa zahanati: tisini na nane. Nikamwambia muuguzi mzani wake mbovu. Akanijibu kwamba kila mtu mnene husema hivyo, nikatoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa Abrahamu, anayenunua parachichi za kusafirisha. Nikamwomba kwanza aweke gunia la kilo hamsini tuone. Mzani ukasoma hamsini. Nikapanda mimi. Tisini na tisa.

"Mama, ukiendelea hivi nakupakia na wewe," akasema Abrahamu. Vijana wake wakacheka. Mimi nilitamani kulia.

Sikuelewa, kwa kweli sikuelewa. Usiku nilikuwa nalala na njaa, nimekunywa chai kavu tu. Nikawaza labda ni maji. Nikawaza labda kuna mtu ana neno na mimi, nikaona aibu kuwaza hivyo, maana mimi ni mzee wa kanisa. Kanisani nikaomba, kisha nikaona nimemwomba Mungu kilo kama mtu anayenunua sukari. Nikajipunguzia hata kipande cha samaki. Na Jumatatu ile, siku tatu tu kabla ya mabingwa kufika, tepu ikasema hivyo ilivyosema.

Kesho yake nikaenda kwa Suad mapema, nikapitia mlango wa nyuma. Nilitaka kumwambia anichemshie mchicha kwa maji na chumvi tu. Nikamkuta jikoni ameinamia kisufuria kidogo, anatia samli. Kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Halafu akachota karanga zilizosagwa laini kama unga, akakoroga mpaka zikapotea. Pembeni, tui zito la nazi lilikuwa linasubiri supu.

"Hiyo ni ya nani?" nikauliza.

Akashtuka, lakini hakuficha. "Yako."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokataa wali."

Nikamfokea. Nikamwambia habari yote, goti, mabingwa, kilo tisini, njaa yangu ya usiku, mpaka pumzi ikaniishia. Suad aliweka mwiko chini, akakaa kwenye ndoo.

"Faraji alianza hivyohivyo," akasema. Faraji ni marehemu mumewe. Nilimshonea kanzu, na baadaye nikaipunguza mara mbili bila kuuliza. "Alisema hataki wali. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi, kwa ukali kama wako. Nikamwacha. Miezi minne, Mama Obed. Wewe nilisema sikuachi."

Nilisimama pale nisijue nimpige au nimkumbatie. Hata leo sijui.

Alhamisi mabingwa waliniruka. Kilo mia moja. Waliniandikia nirudi baada ya miezi sita, na nilirudi dukani nikivuta mguu.

Mchana Suad akavuka barabara na bakuli la mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi. Haukuwa na ladha yoyote. Nilipomaliza, akachukua tepu shingoni mwangu na kuizungusha kiunoni pangu. Miaka ishirini na sita napima watu, na hakuna aliyewahi kunipima mimi.

"Kila Alhamisi nitakupima," akasema. "Ukipungua polepole, ni goti. Ukipungua haraka, narudisha samli, na hutanifokea."

Akaandika namba kwenye daftari langu la vipimo, akalitaja jina langu kwa sauti wakati anaandika.