Upawa Uliotoa Kitambi

Shemeji yangu hupikia mafundi wa ujenzi maharage. Tangu kaka avunjike mguu, sufuria hiyo ndiyo inayolisha nyumba nzima. Maharage yakapanda bei, mafuta nayo yakafuata. Shemeji akaogopa kupandisha. Mafundi wenyewe wako hoi, wangemkimbia, na msimamizi angeleta mpishi mwingine.

Akaingia mbiombio kwenye karakana yangu, akaniwekea upawa wake wa bati mezani.

"Shemeji, huu upawa utoe kitambi. Kesho asubuhi naupitia."

Huyo, kaenda zake. Nikajiambia, wenzake wanapunguza, yeye anaongeza. Ana moyo shemeji yangu! Nikaugonga kwa ndani mpaka ukatoa kitambi cha mwenye duka. Nikaufunga kwenye gazeti, na asubuhi akauchukua bila kuufungua.

Kesho yake mchana nikaenda kula kwake kule kwenye ujenzi, nikakuta kelele. Sufuria imekauka, na nusu ya foleni wameshika sahani tupu. Kwa moshi na haraka zile, shemeji alikuwa anapakua tu bila kutazama. Sasa ameuinua upawa, anaukodolea macho.

"Umefanya nini, shemeji? Si nilisema utoe kitambi?"

"Si umetoa?"

"Wewe ndiye wa kukitoa! Ukiondoe, upawa uchote kidogo!"

Alipokwisha kusema ndipo akajua amejianika. Akaziba mdomo kwa kanga, machozi yakamlengalenga. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana nilikuwa nimemfukuzisha kazi kwa nyundo yangu mwenyewe.

Aliyecheka wa kwanza ni mwashi mmoja mzee, saruji mpaka kwenye nyusi.

"Mama, kwani sisi maharage tunanunua mbinguni? Mke wangu kila jioni ni kilio hicho hicho. Ungesema tu! Kesho rudisha upawa wa zamani, upandishe kidogo, tujue moja."

"Kidogo lakini!" mwingine akadakia, wakacheka wote. Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Waliojaziwa wakaanza kuwamegea wenzao, na shemeji akakaa juu ya tofali, anacheka huku analia. Nami nikashusha pumzi.

Jioni akaja tena na upawa.

"Uwe kama ulivyokuwa, shemeji. Usitoe kitu, usiongeze kitu."

Safari hii hakuondoka mpaka nikamaliza.