Glavu ya Mzee Everett

Robinah hakuwa mzembe, na hilo ndilo lililomponza. Mzembe angeiacha glavu pale ilipokuwa.

Ilikuwa ya Mzee Everett, Mmarekani wa miaka tisini na mbili ambaye Robinah alikuwa akimhudumia katika fleti ya binti wa mzee huyo, Jumeirah Village Circle, Dubai. Enzi za redio mzee alicheza besiboli ya kulipwa. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma kabisa uwanjani na kudaka mipira ya mbali. Sasa macho hayaoni. Kila alasiri Robinah humtolea ile glavu ya ngozi kabatini, na mpira umefungiwa ndani yake kwa kamba ili kibonde cha kudakia kisipotee. Mzee huipapasa akasimulia. Hana kingine kinachomkumbusha alikuwa nani.

Robinah ni binti wa wafugaji wa Ankole, Uganda, na ngozi ngumu humkera. Basi akafungua kamba, akautoa mpira, akaipaka glavu samli kama mama yake alivyopaka ngozi za kulalia, akaianika roshani. Akasahau kwamba jua la Dubai si jua la Mbarara. Alipoirudia ilikuwa bapa kama chapati, na mpira haukai.

Kesho yake mzee aliipapasa kwa muda mrefu.

"Ni jua, sir," Robinah akawahi. "Jua la hapa linaharibu kila kitu."

Mzee hakuuliza jua liliifuataje glavu kabatini, na Robinah akaona haya papo hapo.

"Mimi pia nilisingizia jua," alisema mzee. "Mpira wangu wa mwisho uliniponyoka, tukafungwa. Nikawaambia wote kwamba jua lilinipiga machoni. Kulikuwa na mawingu, Robinah. Mke wangu amekufa akiamini ni jua."

Robinah akapiga magoti, kama wafanyavyo kwao mbele ya mkubwa. "Ni mimi, sir. Niliianika mimi. Nilitaka uipate laini."

"Khalas," alisema mzee, yaani yamekwisha, neno pekee la Kiarabu alilolijua. Akaomba mpira, akauweka katikati ya ile ngozi, akamwelekeza namna ya kukaza kamba. Robinah alikaza huku machozi yakimtoka.

"Usilie. Kibonde kitarudi," mzee alimbembeleza, akiubonyeza mpira kwa kidole gumba. "Ni miaka mitano tu, au sita."